Mstari Mweupe Ndani ya Ngozi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kimbelembele alimfunga mdogo wake mguu.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza unavuta soksi nene mpaka juu ya goti, usiache hata mkunjo mmoja, maana mkunjo wa asubuhi ni lengelenge la jioni. Halafu unaulaza mguu ndani ya chuma: fito mbili nyembamba zinazoshuka kushoto na kulia mpaka kwenye kiatu, na bawaba moja penye goti. Mwisho unafunga mikanda mitatu, wa pajani, wa chini ya goti na wa kifundoni. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mikanda yote mitatu ilikuwa imekatika, mmoja baada ya mwingine, na mahali pake palifungwa vitambaa vya shuka kuukuu.

"Kaza, dada," alisema mdogo mtu.

"Nikikaza utalia."

"Nitalia kidogo tu."

Mtoto huyo alikuwa na umri wa miaka sita. Watoto wa mtaani walimwita Bawaba, kwa sababu kila alipopiga hatua goti lake lililia kwii, kwii, kama mlango wa choo. Jina likamganda. Dada yake, mwenye miaka kumi na miwili, aliitwa Kimbelembele kwa kuwa alijibu swali kabla halijaisha na kufika mahali kabla hajaitwa. Mama hawakuwa naye. Alifia kwenye benchi la hospitali, ameshika kikaratasi cha namba arobaini na moja, wakati wauguzi wanaita namba kumi na tisa. Baba yao alikuwa mchunaji katika machinjio.

Kwa vitambaa vya shuka, Bawaba alikwenda hatua nane, kumi akijitahidi, kisha chuma kikazunguka na mguu ukabaki unaning'inia. Walijaribu kamba, ikamkata nyama. Walijaribu mpira wa tairi, ukamchubua. Hospitalini walikwenda mwezi hadi mwezi.

"Mikanda imekwisha," alisema mtunza stoo.

"Hata mwezi uliopita ulituambia hivyo, mheshimiwa," baba alisema, kofia mkononi.

"Na mwezi uliopita ilikuwa imekwisha vilevile. Kwani nilisema uongo?"

Alikuwa amekalia kiti kipya cha kuzunguka, cha ngozi nyeusi, bado kina nailoni mgongoni. Kimbelembele alikitazama kiti kile kwa muda mrefu. Kingetoa mikanda ya vilema wote wa mji, na ingebaki ya kufungia mbuzi.

Wakaenda shuleni, maana Bawaba alikuwa amefikia umri wa darasa la kwanza. Mwalimu mkuu hata hakuwaambia waketi.

"Siku ya kuandikisha aingie kwa miguu yake," alisema. "Sina mwalimu wa kubeba watoto mgongoni."

"Mwalimu, akipata mikanda anatembea."

"Basi akiipata, aje."

"Na asipoipata?"

"Sasa unaniuliza mimi? Mimi nashona mikanda?"

Baba alimbeba Bawaba mpaka walipokaribia nyumbani. Hapo alimhamisha kutoka bega moja hadi jingine, akasema kama anayeongea na barabara: "Nachuna ngozi kumi na tano kwa siku. Kumi na tano! Zote zinapakiwa kwenye gari la wakubwa. Na mtoto wangu hana ukanda."

Siku tatu baadaye alirudi na ngozi moja ya beberu ndani ya gunia. Kisu cha mtu mwingine kilikuwa kimeichana ubavuni, msimamizi akaamuru itupwe.

"Baba, mimi nitaitengeneza," Kimbelembele alisema, kabla gunia halijagusa sakafu.

"Unajua kutengeneza ngozi?"

"Nitajua."

Aliyejua alikuwa Bi Msumari, mwanamke mshona viatu wa pembeni mwa soko. Alipewa jina hilo kwa sababu muda wote alibana misumari midogo midomoni, akiongea kwa upande mmoja wa kinywa. Hakuna aliyewahi kumwona mdomo mtupu. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi, mpaka wakubwa walipouza mashine kama vyuma chakavu. Dawa za kiwandani zilimla macho. Sasa alishona kwa kupapasa, na nyuso za watu aliziona kama vivuli kwenye pazia.

"Walituaga kwa cheti cha shukrani," alipenda kusema. "Kigumu, kizuri, kina mhuri. Nilikifungia misumari."

Aliipapasa ngozi ya beberu, akainusa, akatema mate pembeni.

"Ngozi mbichi ni nyama, binti. Ukiichelewesha inaoza. Ukiianika juani inageuka ubao. Ukiiharakisha, inakudanganya."

"Inadanganyaje, bibi?"

"Subiri nimalize. Kimbelembele kweli wewe! Leo paka chumvi upande wa nyama, usionee huruma chumvi. Baadaye unaiosha, unailaza kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yaachie. Vaa mifuko ya nailoni mikononi. Chokaa haina undugu. Unakwangua, unaosha, unaosha tena, mpaka uchoke, halafu unaosha. Ndipo unaitia pipani, kwenye maji ya magome. Sikiliza hapa." Alimshika mkono kwa vidole vigumu kama koleo. "Maji ya kwanza yawe mepesi, kama chai ya mgonjwa. Kila siku ya nne unaongeza magome kidogo, yanakuwa chai ya mfanyakazi, mwisho chai ya polisi. Ngozi ni mlango mwembamba. Maji mepesi yanaingia kwa foleni mpaka ndani. Ukiyamwaga makali siku ya kwanza, yanabanana mlangoni, mlango unaziba. Nje imeiva, inang'aa, kumbe ndani mbichi."

"Nitajuaje ndani pameiva?"

"Unakata ncha ya shingo, kipande cha ukucha tu. Unatazama pale kisu kilipopita. Ukiona rangi moja toka juu hadi chini, imeiva. Ukiona mstari mweupe katikati, irudishe pipani na ufunge mdomo. Siku ya kuandikisha ni lini?"

"Baada ya majuma saba na siku mbili."

"Inatosha. Usipocheza."

Kimbelembele hakucheza. Tuseme ukweli, wiki mbili za mwanzo alifanya kazi ambayo watu wazima wengi wangeikimbia. Alipaka chumvi mpaka vidole vikachanika. Aliitandika ngozi juu ya gogo na kukwangua mafuta kwa mgongo wa kisu, inzi wakimtembea usoni. Chokaa ilipenya kwenye tundu la mfuko wa nailoni ikamuunguza kidole gumba, akakifunga kitambaa akaendelea. Maji ya kuoshea aliyateka kwenye bomba la mtaa, ndoo baada ya ndoo, na pale kwenye bomba ndipo walipomsubiri.

"Jamani, zibeni pua!" alisema binti wa mtunza stoo, mtoto aliyesoma naye darasa moja, viatu vyake vikiwa vyeupe hata siku ya matope. "Kwenu kuna mzoga?"

"Ni ngozi."

"Aa, ngozi. Nilidhani mama yenu kafukuliwa."

Wenzake walicheka. Wengine walicheka kwa kuchekeshwa, wengine kwa kuogopa wasije wakageukiwa wao. Kimbelembele alijitwika ndoo na kuondoka. Maji yalimwagika shingoni, na hilo lilimfaa, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua yapi yalikuwa ya ndoo na yapi yalikuwa ya macho.

Siku iliyofuata alianza maji ya magome. Baba alimletea magunia mawili ya magome ya mti wa mgunga. Alitakiwa kutwanga kikombe kimoja leo, kingine siku ya nne, kingine siku ya nane, mwezi mzima. Mwezi mzima wa pipa uani. Mwezi mzima wa kuulizwa kwenye bomba ni nani aliyefukuliwa.

Akakaa juu ya gunia akawaza. Kama kikombe kimoja kinaivisha kidogo, gunia zima si litaivisha upesi? Akatwanga gunia zima. Akayachemsha magome mpaka maji yakawa meusi, akayaacha yapoe, akayamwaga pipani yote kwa mara moja.

Siku ya pili alipoinua kifuniko, moyo ulimruka. Ngozi ilikuwa ya hudhurungi, laini, nzuri ajabu, kama begi la mkubwa fulani. Hata harufu ilikuwa imepungua. Bi Msumari na mambo yake ya foleni! Uzee tu ule.

Aliiacha pipani wiki moja zaidi ili isionekane imeiva mapema mno. Kisha mchana mmoja, baba akiwa kazini na Bawaba amelala, alichukua kisu akakata ncha ya shingo.

Nje, hudhurungi. Upande wa pili, hudhurungi. Katikati, mstari mweupe, mnene kama uzi wa kiatu, unaong'aa kwa majimaji.

Alijua maana yake. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Irudishe pipani na ufunge mdomo, ndivyo alivyoambiwa. Lakini kuirudisha kwenye maji yale yale kusingesaidia, mlango ulikwisha kuziba, na kukiri kungekuwa kusema, "Nimeharibu." Kimbelembele hakuwa amelizoea neno hilo. Alichovya kidole kwenye maji ya magome akaupaka ule mstari. Akangoja. Akapaka tena. Mstari ukafifia, ukapotea. Ukitazama haraka, rangi moja toka juu hadi chini.

Akaipaka ngozi mafuta, akaikausha kivulini, akaivutavuta juu ya ukingo wa ubao ilainike. Kisha akaipeleka kwa Bi Msumari.

"Ulianza na mepesi?"

"Ndiyo, bibi. Kikombe kikombe."

"Kila siku ya nne?"

"Kila siku ya nne."

"Mbona mapema hivi?"

"Beberu mwenyewe alikuwa mdogo, bibi."

"Ncha uliikata?"

"Hii hapa."

Bi Msumari aliishika ile ncha karibu na jicho, akaigeuza huku na huku. Alikuwa akitazama kivuli cha kitu. Kimbelembele alilijua hilo, na alilitegemea. Ni vibaya kumdanganya mtu mwenye macho. Kumdanganya asiyeona, ukitumia huko kutoona kwake kama ngazi, sijui kunaitwaje. Nafikiri bado hakujapewa jina.

"Macho ni yako," bibi alisema mwishowe. "Mimi nashona."

Akakata mikanda, akaikunja mara mbili, akaishona kwa nyuzi mbili mbili, akatia vifungo vya chuma. Ilipendeza. Jioni ile Bawaba alitembea kutoka mlangoni hadi uani na kurudi. Kwii, kwii, kwii. Hatua arobaini! Baba alizihesabu kwa sauti, na alipofika ishirini sauti yake ilikatika, akaendelea kuhesabu kwa midomo.

Kila siku wakamtembeza, na kila siku Bawaba alisema pale kifundoni panawasha. "Ni upya wa mikanda," Kimbelembele alimwambia, akimvuta soksi bila kutazama chini yake. "Utazoea."

Jumatatu ya kuandikisha ilinyesha mvua.

Foleni ilizunguka jengo zima, wazazi na watoto, na hakuna mkubwa aliyefikiria kuwafungulia watu ukumbi. Ukumbi ulikuwa na kufuli. Walisimama kwa saa mbili. Maji yalishuka kwenye paja la Bawaba, yakaingia kwenye soksi, yakaloanisha mikanda, na ngozi ikaanza kunuka, kwanza kidogo, halafu kama nyama ya juzi. Watu wa mbele waligeuka.

"Dada, inalegea."

"Nyamaza. Tumekaribia."

Mlango wa ofisi ulikuwa na kizingiti cha saruji. Baba alitaka kumshika mkono. "Mwacheni," alisema mwalimu mkuu kutoka mezani. "Tulikubaliana kwa miguu yake."

Bawaba aliinua mguu wa chuma. Ukanda wa chini ya goti ulivutika kama utumbo, mrefu, mrefu, ukakatika. Wa kifundoni ukafuata. Mtoto alianguka kifudifudi juu ya kizingiti, na jino lake la mbele likabaki pale, dogo, kando ya tope la viatu vya watu.

Kuna mtoto aliyecheka. Kisha wakacheka wengi.

Mwalimu mkuu aliinama kuangalia kama damu imefika kwenye daftari lake. "Anayefuata," alisema. "Huyu ajaribu muhula ujao."

Nyumbani walivua soksi. Chini ya mkanda wa kifundoni, ngozi ya beberu iliyokuwa ikioza ilikuwa imeichoma ngozi ya mtoto kupitia soksi, na palikuwa na kidonda ukubwa wa kifuniko cha chupa. Alikuwa amesema panawasha. Alikuwa amesema siku zote.

Baba hakungoja. Aliokota ule mkanda uliokatika akaenda sokoni kama mtu anayekwenda kuzima moto, Kimbelembele nyuma yake akikimbia. Akautupa mezani kwa Bi Msumari, mbele ya wateja.

"Umenivunjia mtoto jino, mwanamke! Umemtoboa mguu! Kama huna macho ungesema huna macho, si kutushonea mizoga!"

Bi Msumari aliupapasa mkanda. Akaunusa. Akachukua kisu, akaukata mahali papya, akapitisha ukucha wa kidole gumba pale katikati, polepole, kwenda na kurudi. Kisha akainua uso, akauelekeza sawasawa pale aliposimama Kimbelembele, kama mtu mwenye macho mazima.

Kimbelembele hakusema neno.

"Huenda nilikosea," bibi alisema, misumari ikicheza mdomoni. "Ni haya macho. Nisamehe, baba."

Habari mbaya hazihitaji viatu. Kesho yake wateja wawili walikuja kuchukua viatu vyao kabla havijashonwa. Keshokutwa mtu aliandika kwa mkaa kwenye kibanda chake: KIPOFU ANAOZESHA WATOTO. Yeye mwenyewe hakuweza kuyasoma maandishi, akakaa chini yake mchana kutwa akigonga msumari wake, na wapitao wakicheka. Kimbelembele aliyaona akienda shule na aliyaona akirudi.

"Heri mama yenu alikufa," alisema binti wa mtunza stoo kwenye bomba. "Angekuwepo, kile kizee kingemshonea viatu akafa tena."

Safari hii Kimbelembele naye alitabasamu kidogo, kwa sababu kama wote wanamcheka bibi, basi hakuna anayemtazama yeye. Tabasamu lile lilimkaa usoni mpaka nyumbani. Alipojiona kwenye maji ya ndoo, alilifuta kwa mkono kama matongotongo.

Siku ya tano Bawaba, aliyekuwa amekaa kitandani na kidonda chake, pengo likiwa wazi mdomoni, aliuliza: "Dada, bibi wa misumari ni mtu mbaya?"

"Nani kasema?"

"Baba. Nikipona nitamtupia jiwe."

Kimbelembele alisimama. Alitoka bila viatu. Alifika sokoni saa ile ya watu wengi, akaanza kufuta maandishi ya mkaa kwa upindo wa sketi, lakini mkaa ulisambaa tu, ukawa doa kubwa zaidi. Basi akageuka.

"Bibi, si macho yako. Ni mimi. Nilimwaga gunia zima siku moja. Mstari niliuona. Niliupaka rangi." Alijikuta anapiga kelele, na wateja wakasimama kusikiliza. "Niliupaka rangi kwa sababu nilijua huoni!"

Bi Msumari aligonga msumari aliokuwa ameuanza, ukaingia wote.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoletwa ule mkanda. Ukucha hauna haja ya miwani."

"Sasa mbona ulikubali kosa?"

"Nilitaka kuona utaniacha nioze siku ngapi." Aliinua vidole vya mkono mmoja. "Tano. Ngozi mbichi inaoza kwa tatu."

Alipoambiwa, baba hakumpiga. Kimbelembele angependa apigwe. Kipigo kina mwisho. Baba alivaa kofia, akamshika mkono, wakaenda pamoja kwenye kile kibanda, na pale mbele ya watu wale wale alivua kofia yake.

"Bibi, nilikutukana bila kuuliza. Mimi nimetukanwa na wakubwa maisha yangu yote bila kuulizwa, na siku nilipopata mtu wa chini yangu, nikafanya yale yale. Nisamehe."

"Hayo yamekwisha," alisema Bi Msumari. "Huyu mtoto amebakiza deni la ngozi moja."

Baba alingoja siku kumi na mbili mpaka machinjioni ikapatikana ngozi nyingine iliyochanwa. Kimbelembele akaanza upya: chumvi, gogo, chokaa, maji ya kuosha mpaka mikono ikanywea kama ya kizee. Maji mepesi kama chai ya mgonjwa. Siku ya nne, kikombe. Siku ya nane, kikombe. Kwenye bomba waliendelea kumwuliza nani kafukuliwa. Hawakuchoka wao, na hawakuacha, usidhani waliacha. Yeye ndiye aliyejifunza kuteka maji huku akisikia.

Na Bawaba alikaa nyumbani muhula mzima. Asubuhi aliwatazama wenzake wakipita na mabegi. Hilo halikurudishwa na mtu, na halitarudishwa.

Siku ya thelathini na sita ya maji ya magome, Kimbelembele aliibeba ngozi ikiwa bado imelowa mpaka kibandani, akamkabidhi bibi kisu. Bi Msumari alikata ncha ya shingo, akaitia mdomoni kando ya misumari, akaiuma, akaitafuna, akaitema kiganjani.

"Mstari upo?"

"Haupo, bibi."

"Sijakuuliza wewe. Wewe macho yako nayajua." Akaunyoosha mkono kwa Bawaba, aliyeletwa mgongoni kwa baba. "Wewe mwenye pengo, unaona nini hapo?"

Bawaba aliisogeza pua. "Chai," alisema. "Chai tupu."

Muhula mpya ulipofunguliwa walisimama tena kwenye foleni. Mwalimu mkuu aliwakumbuka.

"Huyu si yule aliyeanguka?"

"Ndiye," alisema baba.

"Basi atembee mpaka kwenye mlingoti wa bendera, arudi. Nisije nikaandika kitu kisichofika."

Hakuna mtoto mwingine aliyeambiwa afike kwenye mlingoti. Bawaba alikwenda. Kwii, kwii, kwii, uwanja mzima, watoto wa madirishani wakimwigiza kwa midomo. Aliugusa mlingoti kwa kiganja, akageuka, akarudi, akavuka kizingiti kile kile bila kushikwa. Mikanda haikusogea.

Mwalimu mkuu aliinama akaitazama. "Kazi nzuri. Hospitali imewapa?"

"Hospitali?" Baba alitaka kucheka ikashindikana. "Mwanangu ndiye aliyeitengeneza."

"Ehe, vizuri, vizuri." Na akaandika kwenye daftari la taarifa, akisoma kwa sauti kama ilivyo kawaida yao: "Mtoto amepatiwa vifaa kwa ushirikiano wa ofisi zinazohusika."

Bi Msumari, aliyekuja akiongozwa kwa mkono, alimvuta baba nje kabla hajasema la kumponza. Walipofika ukutani alifanya jambo ambalo Kimbelembele hajapata kuliona: alitoa misumari yote mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kiganjani. Bila misumari sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu mzee tu.

"Umemsikia yule, binti? Na yule wa stoo, na wale waliouza kiwanda chetu? Hao ni ngozi ya siku mbili. Walimwagiwa maji makali ya ukubwa wakiwa bado wabichi. Nje wanang'aa, wana mihuri. Hakuna aliyewahi kuwakata ncha, basi wataoza hivyo hivyo na watatuozea sisi miguuni. Sina la kuwafanya, wala wewe huna leo. Lakini wewe ulikatwa ukiwa mdogo, mstari ukaonekana, ukarudi pipani. Imeuma?"

"Imeuma, bibi."

"Imemuuma zaidi asiye na kosa. Kovu la kifundoni si lako, ni lake. Hiyo ndiyo kazi ya uongo, hauchagui mguu wa mwenyewe. Basi kila kazi utakayoishika, usiitoe mikononi mpaka uikate ncha wewe mwenyewe, utazame ndani. Usipoikata wewe, itakatika siku ambayo mwenzio ameegemea."

Akarudisha misumari mdomoni, ikagongana na meno.

"Haya, kengele hiyo. Ukanda wa kifundoni umelegea tundu moja. Nausikia."

Kimbelembele alipiga magoti matopeni mbele ya mdogo wake. Kweli, ulikuwa umelegea.

"Kaza, dada," alisema Bawaba.

"Nikikaza uniambie kama panawasha."

"Utanisikia?"

"Nitakusikia."

Akakaza.